Matibabu ni bure, siku ya kwenda kliniki si bure: Busia na Tororo zinatufunza nini?

Ukipita Busia au Malaba asubuhi mapema, malori yakiwa bado yamepanga foleni kungoja karatasi za forodha, utawakuta wasichana na wanawake vijana wako kazini tayari. Mmoja ana beseni la nyanya kichwani, anavuka kwenda upande wa Kenya. Mwingine anawauzia madereva chai na chapati. Mwingine anafua nguo za watu, na mwingine ndiyo kwanza anatoka gesti alikolala na mtu ambaye huenda hatamwona tena. Ukimuuliza yeyote kati yao kwa nini hajaanza kliniki ya wajawazito, au kwa nini homa ya siku nne bado anaitibu kwa Panadol, mara nyingi hatakuambia kwamba hospitali ni ghali. Atakuambia ataenda akipata nafasi.

Makala hii inahusu nafasi hiyo, na kwa nini maskini huikosa. Tukizungumzia umaskini na afya, mawazo yetu hukimbilia dirisha la malipo. Lakini mwanamke kijana huzuiwa mapema zaidi: nyumbani, njiani na kazini, kabla hajamwona muuguzi. Ndiyo maana kufuta ada za matibabu, ingawa lilikuwa jambo jema, hakukutosha. Na ndiyo maana chakula na pesa zinazopunguzwa leo kwenye mgao wa familia zitaonekana kesho katika wodi ya wazazi.

Kwa nini Busia na Tororo zikuhusu

Huenda unasoma haya ukiwa Kiryandongo, Nakivale au Kakuma, na unajiuliza mji wa mpakani unakuhusu nini. Kwanza, njia hiyo ni ya wakimbizi pia. Mwanzoni mwa 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilisukuma maelfu ya Wakenya kuvuka kwenda Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengine walipokelewa katika kituo cha muda cha Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo.

Pili, wakimbizi na wenyeji nchini Uganda hukaa benchi moja. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na sera za afya zilizofuata zinampa mkimbizi haki ya kutumia vituo vya serikali kama raia. Dawa zikikwisha, zimekwisha kwa wote. Tatu, mambo yanayomchelewesha msichana wa Malaba ndiyo yanayomchelewesha msichana wa makazini. Tofauti ni kwamba mpakani yanaonekana waziwazi, kwa sababu kila kitu pale hupimwa kwa kipato cha kutwa.

Bure ya aina gani?

Machi 2001, Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Watu walijitokeza kwa wingi, hasa maskini, na hilo lenyewe lilithibitisha kwamba ada ilikuwa imewafungia mlango. Lakini watafiti waliolinganisha takwimu za kaya za kabla na baada ya hatua hiyo walionyesha, katika uchambuzi uliochapishwa 2006, kwamba mzigo wa matumizi makubwa ya matibabu haukupungua kwa familia maskini. Sababu waliyoiona kuwa ya karibu zaidi ni hii: dawa zilipokosekana kituoni, mgonjwa alitumwa kwenda kununua dukani. Malipo yalihama kutoka dirisha la hospitali hadi kaunta ya duka la dawa.

Upande wa Kenya, malipo ya kujifungua katika vituo vya umma yalifutwa Juni 2013. Baadaye mpango huo ukawa Linda Mama, chini ya bima ya NHIF. Oktoba 2024, NHIF iliondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi yake. Kwa utaratibu wa sasa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hazimdai mgonjwa mchango, lakini ni lazima awe amesajiliwa. Akihitaji kulazwa hospitalini, michango yake inapaswa kuwa imelipwa. Kwa asiye na mshahara, kiwango cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani angalau shilingi 3,600. Kwa mwenye kazi ya ofisini, hizo ni pesa za kawaida. Kwa anayeamka bila kujua kama leo atauza, kuzikusanya kwa mkupuo ni mlima.

Na kuna asiyesajilika kwa urahisi: msichana asiye na kitambulisho, aliyetoka kwao bila cheti cha kuzaliwa, au aliyevuka mpaka kutafuta kazi na hana karatasi za upande wowote.

Hesabu ya siku moja

Tumchukue msichana wa mfano, mwenye miaka 19 na mimba ya miezi minne, anayeuza nyanya Busia. Kituo cha afya hakimtozi pesa. Sasa fanya naye hesabu.

Lazima apande bodaboda kwenda na kurudi, au atembee. Akitaka kupata namba ya karibu, afike mapema, saa zilezile ambazo wateja wake wananunua. Akikaa foleni hadi saa nane mchana, soko limekwisha, na nyanya hazingoji kesho. Mtaji wa nyanya hizo huenda ni wa kukopa, kwa hiyo deni liko palepale. Mtoto wa kwanza, kama yupo, ameachwa kwa jirani ambaye naye atataka kushukuriwa. Akiandikiwa dawa ambayo kituo hakina, ananunua. Siku ya kujifungua, kama kile kifurushi cha vifaa vya uzazi kinachoitwa Mama Kit kimekwisha, ataambiwa alete glavu, pamba, wembe na karatasi ya nailoni.

Mwenye mshahara akienda hospitali hupoteza saa kadhaa. Anayeishi kwa kutwa hupoteza chakula cha jioni. Kwa hiyo tunapomwona msichana huyu anaahirisha kliniki, tusiseme hajali afya yake. Amepiga hesabu, na kwa pesa alizo nazo hesabu yake iko sawa. Kasoro ni kwamba hesabu hiyo huona gharama ya leo tu, haioni gharama ya mwezi wa tisa.

Uamuzi si wake peke yake

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia kucheleweshwa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa mwanamke kijana maskini, kuchelewa kwa kwanza ndiko hupuuzwa zaidi, kwa sababu sisi tulio nje tunadhani uamuzi ni wake.

Kama ameolewa, pesa ya bodaboda iko mfukoni mwa mume, na ruhusa huenda iko kwa mama mkwe. Vituo vingine huwahudumia kwanza wajawazito waliokuja na waume zao. Nia ni njema, ili baba naye apimwe na ashiriki, lakini aliyeachwa, au ambaye mwenye mimba alishavuka mpaka na lori lake, huiona foleni hiyo kama hukumu. Kama hajaolewa, anaogopa kuonekana. Muuguzi huenda anasali kanisa moja na mama yake. Akikaripiwa mara moja mbele ya watu, hatarudi, na atawaambia wenzake wasiende.

Kwa mkimbizi kuna kizuizi kingine, nacho ni lugha. Msichana aliyetoka Kivu anajieleza kwa Kiswahili au Kinyarwanda, muuguzi anauliza kwa Kiingereza au kwa lugha ya eneo hilo, na mkalimani ni mwanamume anayeishi mtaa mmoja naye. Je, wewe ungemwambia mtu huyo kwamba unatokwa na usaha sehemu za siri?

Umaskini huingia mwilini

Takwimu za kitaifa zinaonyesha wazi pengo hili. Utafiti wa Demografia na Afya wa Uganda wa 2016 ulikuta kwamba msichana 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 alikuwa amezaa au ana mimba. Katika familia maskini zaidi kiwango kilikuwa asilimia 34, na katika familia zenye uwezo zaidi asilimia 15. Utafiti kama huo nchini Kenya, wa 2022, ulipata wastani wa asilimia 15 kitaifa, lakini asilimia 21 kwa maskini zaidi na asilimia 8 kwa wenye uwezo zaidi. Nchi mbili, sheria tofauti, picha ileile.

Takwimu hizo hazisemi kwamba wasichana maskini wana tabia mbaya. Zinasema kwamba wana vitu vichache vya kukatalia. Katika utafiti uliofanyika vijijini Siaya, kaunti inayopakana na Busia, na kuchapishwa 2015, msichana 1 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 alisema aliwahi kufanya ngono ili apate pesa za kununua sodo. Kwenye fuo za Ziwa Victoria, mwanamke anayetaka samaki wa kuuza huenda akatakiwa kulala na mvuvi kwanza. Waluo huita desturi hiyo jaboya. Barabarani Malaba, mteja anayekataa kondomu huongeza pesa. Katika kila hali, mwenye pesa ndiye anayepanga masharti, na virusi vya UKIMWI hupita katika mwanya huohuo.

Shule ikifungwa, ulinzi hupungua pia. Uganda ilifunga shule kwa sababu ya UVIKO-19 kuanzia Machi 2020, na madarasa yote hayakurejea hadi Januari 2022. Wasichana wengi hawakurudi. Sera za nchi zote mbili zinamruhusu aliyejifungua kurudi shuleni, lakini sera haimlipii wa kumlelea mtoto.

Malaria nayo ina upendeleo wake. Miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti waliopima mbu huko Nagongera, Tororo, walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Hali imebadilika tangu hapo kwa vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, lakini eneo hili bado ni la malaria. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza yuko hatarini zaidi, kwa sababu mwili wake bado haujajenga kinga dhidi ya vimelea vinavyojificha kwenye kondo la nyuma. Matokeo yake ni upungufu wa damu kwa mama na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Na nani hubeba mimba za kwanza? Ni wasichana haohao wanaochelewa kliniki. Dawa ya kinga ya SP hutolewa kuanzia miezi mitatu ya mimba kuisha, angalau mara tatu, na chandarua hutolewa kliniki. Anayekuja mara ya kwanza akiwa na miezi saba ameshakosa sehemu kubwa ya kinga hiyo.

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu wilayani Busia, kama Tiira, wanawake huchekecha mchanga na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki inapochomwa, mvuke wake huingia mapafuni, na sumu hiyo hufika kwa mtoto aliye tumboni na kuharibu ubongo unaokua. Mchimbaji mwenye mimba huenda anajua kwamba zebaki ni mbaya. Lakini kibarua cha leo anakiona, na madhara ya zebaki hayaonekani kwa macho.

Mpaka: msaada na mtego

Wakazi wa mpakani hutumia nchi mbili kama vyumba viwili vya nyumba moja. Dawa ikikosekana upande huu, wanajaribu upande ule. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa na marais wa nchi zote mbili Februari 2018, kimerahisisha safari ya mzigo. Safari ya mgonjwa bado ni ngumu. Anayetumia dawa za UKIMWI akihamia upande wa pili kwa kibarua cha mavuno, rekodi zake zinabaki nyuma. Mjamzito aliyepimwa Tororo akijifungulia Kenya bila kadi yake, wahudumu wanaanza upya, na huenda wasijue kwamba ana shinikizo la damu. Wanaopita njia za panya huogopa kuulizwa wametoka wapi, kwa hiyo huishia kwenye duka la dawa lisilouliza chochote, wakauziwa nusu ya dozi kwa pesa walizo nazo.

Kwa nini tunasema haya sasa

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya UKIMWI na afya ya jamii katika eneo letu ilisimama au kupungua. Mwezi uliofuata, Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza kliniki za UKIMWI zilizojitenga ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitangaza kwamba wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa kukosa fedha.

Hatua hizi ziliripotiwa kama habari tofauti. Kwa mwanamke kijana ni habari moja. Chakula kikipungua, kibarua hakikwepeki na siku ya kliniki inazidi kuwa ghali. Mhudumu wa jamii aliyekuwa akimtembelea nyumbani akikosa posho na kuacha kazi, hakuna wa kumkumbusha. Na kliniki ya faragha ikiunganishwa na foleni kuu, anayeogopa kuonekana anapata sababu ya kubaki nyumbani. Hakuna aliyemfungia mlango wa kituo. Ni safari ya kuufikia tu ambayo imerefushwa.

Unaweza kufanya nini

Hatuna jibu la kurudisha fedha zilizokatwa, na hatutakudanganya. Lakini kuna mambo yanayopunguza bei ya siku hiyo moja.

Kama wewe ni mwanamke kijana: anza kliniki kabla ya wiki 12 za mimba. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8. Ukishindwa yote, usiache ya kwanza. Tunza kadi yako ya kliniki kama unavyotunza simu, na uvuke nayo mpaka. Nenda kituoni mara moja, usingoje nafasi, ukiona damu, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso kuvimba, degedege, homa, maji kutoka kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza. Kama mimba imeharibika, kwa sababu yoyote ile, na unatokwa na damu nyingi au una homa, nenda ukatibiwe. Usifie nyumbani kwa aibu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kama umebakwa: fika kituo cha afya ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, zinazotumiwa kwa siku 28, na za kuzuia mimba zinazofanya kazi hadi siku 5. Matibabu yako yasingoje kesi. Namba 116 ya ulinzi wa watoto ni ya bure Uganda na Kenya. Nchini Kenya kuna pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Kama wewe ni mume, mzazi au mama mkwe: usingoje kuombwa nauli. Iweke kando tangu mimba inapojulikana. Na binti akirudi kliniki akiwa amekaripiwa, nenda naye siku inayofuata.

Kama uko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa: tengeni mfuko mdogo wa dharura ya uzazi, na kubalianeni mapema na bodaboda mmoja atakayebeba sasa na kulipwa baadaye. Wenzenu sokoni wanaweza pia kumuuzia mjamzito bidhaa zake siku ya kliniki. Hilo halihitaji mfadhili.

Kama wewe ni kiongozi wa kijiji au wa makazi: ulizeni kituo chenu maswali matatu. Je, kuna saa ya jioni au siku ya soko ambapo vijana wanaweza kuhudumiwa? Je, mwanamke aliyekuja peke yake huhudumiwa sawa na aliyekuja na mume? Je, kuna mkalimani mwanamke? Andikeni majibu, na myarudie katika mkutano ujao.

Na kama wewe ni mhudumu wa afya: tunajua mko wachache na mmechoka. Lakini msichana aliyefika mbele yako amekwisha kulipa. Amelipa kwa nyanya zilizoharibika, kwa deni, na kwa maneno ya majirani. Usimwongezee bei kwa kumkaripia. Ukimpokea vizuri leo, atarudi mwezi ujao, na pengine atakuja na mwenzake.